Aliitwa na NBA Akakataa, Lakini Hiyo Sio Stori Yake

Wadau, leo naanza na mtu bila jina, mkisie kama kawaida yetu humu. Ni mwanamke. Ni Mmarekani mweusi. Ndiye aliyefunga pointi za kwanza kabisa za basketi ya wanawake kwenye Olimpiki. Timu ya NBA, ndio, NBA hii hii ya wanaume, ilimchagua kwenye drafti, akasema hapana asante. Na uzeeni mwake ungeweza kupishana naye dukani, kwenye mji mdogo wa jimbo la Mississippi, wala usigeuze shingo.

Najua wapo walioshasema Cheryl Miller, na wengine Lisa Leslie. Rudini nyuma zaidi. Huyu ni Lusia Harris, wengi wakimwita Lucy.

Ukitafuta habari zake mtandaoni utakutana na ile stori ya NBA tu. "Mwanamke aliyeikataa NBA." Inavutia kubonyeza, sikatai, hata mie kichwa changu cha habari nimekiweka hivyo hivyo. Ila ile drafti ni siku moja tu kwenye maisha yake. Stori yenyewe ni miaka minne ya chuo kabla ya hapo, na shimo lililokuwa linamsubiri baada ya hapo.

Lusia alizaliwa Februari 10, 1955, Minter City, Mississippi, kwenye familia ya watoto kumi na moja. Wazazi wake walikuwa wakulima wa lile eneo linaloitwa Delta, ardhi ya pamba, ambako watu weusi wengi walilima shamba la mtu mwingine halafu mavuno wakagawana na mwenye shamba, mara nyingi kwa hasara yao. Kuchuma pamba utotoni haikuwa kitu cha kuuliza, unaenda tu. Na ili mjue ni Mississippi ya aina gani, mwaka huo huo aliozaliwa ndipo kijana Emmett Till aliuawa na wazungu kwenye eneo hilo hilo la Delta, na waliomuua wakaachiwa huru na mahakama.

Nyumbani kulikuwa na goli la basketi, na kaka zake wakicheza. Yeye alirefuka kuwapita wenzake, na shuleni wakamtania kwamba ni mrefu tu, hana kingine. Usiku mama anasema kalaleni. Lusia anachukua blanketi, anajifunika yeye pamoja na televisheni, anaangalia NBA huko ndani kwa sauti ya chini. Aliyekuwa anampenda ni Oscar Robertson. Likumbukeni hilo jina, litarudi mbele.

Sekondari alisoma Amanda Elzy, mji wa Greenwood. Huko akaanza kuwa mtu. Kuna mechi alifunga pointi 46 peke yake, rekodi ya shule. Lakini hapa ndipo bahati inapoingia, na tuseme ukweli, bila bahati hii tusingekuwa tunamzungumzia. Mpango wake ulikuwa kwenda chuo cha Alcorn State, chuo cha watu weusi. Timu ya wasichana hakuna. Yaani angekwenda pale, angesoma, angemaliza, na mpira ungebaki kuwa kitu alichokuwa anacheza zamani. Ni mabinti wangapi wa kizazi chake waliishia hivyo hakuna wa kuhesabu, maana waliokosa timu hawaachi takwimu.

Mwaka 1972 Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza shule na vyuo vinavyopokea hela za serikali kuu kubagua watu kwa jinsia. Vyuo vikaanza kuhangaika kuwapa wasichana timu. Mmojawapo ni Delta State, chuo kidogo mji wa Cleveland, mwendo mfupi tu kutoka kwao Lusia. Chuo hicho kiliamua kurudisha timu ya wanawake mwaka 1973, na mtu wao mmoja, Melvin Hemphill, akaenda kumshawishi yule binti mrefu wa Greenwood. Akakubali.

Nimesema "kurudisha", sio kuanzisha, na hapo pana utamu. Miaka ya mwanzo ya 1930 Delta State walikuwa na timu ya wanawake, na nahodha wao aliitwa Margaret Wade. Wakubwa wakaamua basketi ni ngumu mno kwa miili ya wasichana, timu ikafutwa. Wale mabinti walikasirika wakachoma jezi zao moto. Wade akaenda kufundisha sekondari kwa miaka mingi. Sasa mwaka 1973 chuo kinarudisha timu, kocha anachukuliwa nani? Margaret Wade huyo huyo, akiwa na miaka 60. Basi chukua mama wa kizungu wa miaka 60 aliyenyang'anywa timu akiwa binti, mweke na binti mweusi wa miaka 18 aliyetoka mashamba ya pamba, kwenye chuo cha Mississippi ambacho kilikuwa cha wazungu watupu mpaka miaka michache nyuma. Lusia alikuwa mweusi peke yake kwenye ile timu.

Mchezo wake sasa. Alikuwa na futi 6 na inchi 3, kama sentimita 191, akicheza senta. Wasiofuatilia basketi niwaambie: senta anasimama karibu na ringi, mgongo kwenye goli, anapokea pasi, anageuka, anafunga. Ukisoma hivyo unaona kazi rahisi, mrefu yeyote anaweza. Hapana bana. Pale chini unasukumwa, unakanyagwa, unavutwa jezi, na mkikosa lazima uwe wa kwanza kuudaka mpira unaporudi kutoka kwenye ringi, ile wanayoita ribaundi. Mrefu asiye na mikono laini na miguu ya kugeuka haraka anageuka mlingoti tu. Lusia alikuwa na vyote viwili, na juu yake utulivu. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Na enzi hizo mstari wa pointi tatu haukuwepo kwenye basketi ya vyuo, kwa hiyo pointi zake zote zimetoka kwa mbilimbili na mipira ya adhabu.

Timu nzima ilijengwa kumzunguka yeye, lakini msidhani alikuwa peke yake uwanjani. Aliyekuwa anagawa mipira ni Debbie Brock, binti wa futi 4 na inchi 11. Hebu pigeni picha hao wawili wamesimama pamoja! Wapinzani wakimfunga Lusia kwa watu wawili au watatu, wenzake nje wanabaki huru wanapiga wanavyotaka. Wakiwafuata wale wa nje, mpira unatumbukizwa ndani kwa Lusia, kwisha habari. Ni somo ambalo makocha wanalifundisha hadi leo.

Msimu wa kwanza, 1973/74, walishinda mechi 16 wakapoteza 2. Msimu uliofuata hawakupoteza hata moja. Ishirini na nane kwa sifuri. Fainali ya taifa wakakutana na Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania kilichokuwa kimechukua ubingwa mara tatu mfululizo, chenye mashabiki masista wanaopiga ndoo za bati jukwaani mpaka masikio yanauma. Delta State 90, Immaculata 81. Lusia peke yake pointi 32.

Mwaka 1976 fainali ni hao hao tena, Delta State 69 kwa 64. Msimu huo Lusia alifunga jumla ya pointi 1,060, wastani wa 31.2 kila mechi, akiongoza nchi nzima. Mwaka 1977 wakawafunga LSU 68 kwa 55, ubingwa wa tatu. Katikati ya hapo kuna mechi 51 walizoshinda mfululizo. Ukijumlisha miaka yake minne: ushindi 109, kufungwa mara 6. Yeye mwenyewe pointi 2,981 na ribaundi 1,662. Mechi za wanawake pale chuoni zikawa zinajaza watu kuliko za wanaume. Na mwaka 1975 wanafunzi wakamchagua malkia wa sherehe za chuo, mweusi wa kwanza kuvaa taji hilo. Wenzetu wa mapambo na mitindo mnaopita humu hiyo ni yenu. Mie naipa uzito kuliko baadhi ya makombe, kwa sababu kura ile haikuwa inahesabu vikapu.

Kiangazi cha 1976, Montreal, Olimpiki kwa mara ya kwanza inaweka basketi ya wanawake. Mechi ya kwanza Marekani na Japan, na kikapu cha kwanza kabisa anaweka Lusia. Mechi ile walifungwa, 84 kwa 71, watu huwa wanaisahau hiyo sehemu. Wasovieti nao wakawachapa 112 kwa 77, wakiwa na Uljana Semjonova, mwanamke wa zaidi ya mita mbili ambaye hata Lusia alibidi amtazame juu. Marekani wakaondoka na medali ya fedha. Kwenye timu yao aliyeongoza kwa pointi na ribaundi ni yule yule binti wa Minter City.

Halafu 1977 chuo kinaisha. Ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani haipo. WNBA itaanza kucheza mwaka 1997, miaka 20 mbele.

Hapo ndipo inaingia ile drafti. New Orleans Jazz wakamchagua raundi ya saba, namba 137. Ni drafti ile ile iliyomchukua Hasheem Thabeet wetu mwaka 2009 akiwa namba 2, kwa hiyo mnajua uzito wake. Kabla yake kulikuwa na binti mwingine, Denise Long, aliyechaguliwa mwaka 1969, ila ligi ikaifuta ile. Lusia hakwenda kwenye majaribio. Aliona kama wanatafuta kelele za magazeti. Alikuwa ameolewa na, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa mjamzito. Baadaye sana, alipoulizwa kama anajuta, alisema hajuti hata kidogo.

Na mie namwamini. Wanaomsikitikia kwa kukosa NBA wanasikitikia kitu kisicho chake. Alichonyimwa sio nafasi ya kupigana vikumbo na majitu ya futi saba. Alichonyimwa ni ligi ya wanawake wenzake, ambako angekuwa malkia kwa miaka kumi na kulipwa kama malkia. Ilipokuja ligi moja ya majaribio aliichezea Houston Angels msimu wa 1979/80, basi, ikaishia hapo. Akarudi kufanya kazi Delta State, akafundisha timu ya Texas Southern, mwishowe akawa mwalimu na kocha pale pale Amanda Elzy alikoanzia. Katika miaka hiyo akapata ugonjwa wa akili, ule wa baipola, na alikuja kuusema mwenyewe hadharani bila kuona haya. Wanaume aliokuwa analingana nao kwa kipaji wakati huo wananunua majumba.

Mwaka 1992 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa basketi, ule wa Naismith, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia. Aliyesimama naye siku hiyo ni Oscar Robertson. Yule wa chini ya blanketi.

Kuna jambo moja bado linaniudhi. Wakati wake michezo ya wanawake vyuoni ilisimamiwa na chama kiitwacho AIAW. NCAA ilianza mashindano yake ya basketi ya wanawake mwaka 1982, na rekodi zake zinaanzia huko. Mwaka 2024 Caitlin Clark alipovuka pointi 3,527 za Kelsey Plum, dunia nzima ikaambiwa rekodi imevunjwa, wakati Lynette Woodard wa Kansas alikuwa na pointi 3,649 tangu enzi za AIAW. Clark akampita naye wiki chache baadaye, sawa, hakuna anayembishia yule dada. Ila angalieni jinsi ilivyo rahisi: unaanza kuhesabu mwaka unaoutaka wewe, na makombe matatu ya Lusia Harris yanabaki nje ya mlango.

Lusia alifariki Januari 18, 2022, akiwa na miaka 66. Miezi miwili baadaye filamu fupi kuhusu yeye, The Queen of Basketball ya Ben Proudfoot, ikachukua Oscar. Shaquille O'Neal na Stephen Curry walikuwa kati ya waliosimamia ile kazi. Filamu ni dakika ishirini na kidogo, karibu muda wote ni yeye amekaa kwenye kiti anaongea na kucheka. Itafuteni, bando halitaisha.