Nusu ya Kisa cha Bi Hawa

Leo naanza na deni. Nilikumbushwa deni hilo Igawa, na aliyenikumbusha alitaka nililipe mahali pale pale nilipolikopea, yaani hapa hapa redioni.

Wasafiri wa njia kuu iendayo Zambia wanaijua Igawa. Ukitoka Makambako, baridi ya nyanda za juu huanza kukuachia kidogo kidogo, barabara inateremka kuelekea bonde la Usangu, unaukuta mto Mbarali, na hapo utaona magunia ya mchele yamepangwa kando ya lami. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mpaka wa Mbeya na Iringa. Tangu mwaka 2012 jirani wa upande wa pili anaitwa Njombe. Basi letu lilipata pancha. Nikaingia katika kibanda cha mama ntilie, nikaagiza wali na chai ya rangi, na kabla sijamaliza kuagiza mama yule akaacha upawa.

"Kaka, sauti hii naijua. Si wewe uliyesema habari za Bi Hawa?"

Nikasema ndiye. Nilidhani nitasifiwa.

Nirudi nyuma kidogo, maana kisa chenyewe kina mizizi, na mizizi yake imo vitabuni kama ilivyo mahakamani. Sisi Waswahili tunapenda hadithi ya kesi. Mtu akipita nje ya mahakama ya mwanzo siku kuna shauri la ndoa atakuta watu wamejaa hadi madirishani, wakati shauri la mipaka ya shamba lina wazee watatu na mbwa mmoja. Riwaya mojawapo ya kale katika fasihi yetu ya kisasa ni kesi tangu mwanzo hadi mwisho: Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama amesimama mbele ya mfalme akishitakiwa na waziri Majivuno, na kosa lake, tafadhali sikilizeni, ni kutaka watu wa nchi ile wafundishwe sheria. Mwandishi aliandika hayo tukiwa chini ya Mwingereza, na kila msomaji mwenye akili zake alielewa Kusadikika ilikuwa wapi. Lakini mapenzi hamna mle. Mwanamume anajitetea mbele ya wanamume.

Mwanamke aliingia mahakamani katika Kiswahili kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi. Watu wengi walizungumza juu ya neno lile "mabepari", na haikuwa bure, kwani Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Mimi hukumbuka zaidi jambo jingine. Anayeokoa maisha ya mdaiwa mle ni Portia, bibi harusi mpya, na ili asikilizwe ilimbidi avae nguo za kiume na kujifanya mwanasheria. Kesi ikashinda, mapenzi yakashinda, lakini wakuu wa baraza lile hawakujua kwamba aliyewafundisha sheria ni mke wa mtu.

Mwaka huo huo wa 1969 Serikali ilitoa Waraka Namba 1, ikieleza mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa Watanzania wote wa Bara. Mpaka hapo kila kundi lilikuwa na njia yake: Waislamu kwa sheria yao, Wakristo na wengine kwa amri za kikoloni, na walio wengi kwa mila, ambazo mwaka 1963 zilikuwa zimeandikwa na kutangazwa serikalini. Waraka ulijadiliwa mitaani, makanisani, misikitini na ndani ya Bunge, na waliokasirika walikuwa wengi wa kila upande. Hata hivyo Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, ilipita, ikaanza kutumika Mei mwaka huo.

Nawashauri muisome siku moja kama mtu anavyosoma riwaya. Mambo yote yamo. Kuna mchumba aliyevunja ahadi, na aliyeachwa anaweza kudai fidia, ingawa hakuna hakimu atakayemlazimisha mtu kuoa. Kuna zawadi za uchumba na nani azirudishe. Kuna mgoni na malipo yake. Kuna watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, majirani wakiwaita mke na mume, na sheria inawadhania wameoana mpaka mtu athibitishe vingine. Kuna kifungu kinachosema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Na kabla ya kuomba talaka kwa kawaida mnapita kwanza baraza la usuluhishi.

Kuna pia jambo ambalo riwaya yenyewe ililisema kwa ukali kuliko sheria. Katika mwaka ule ule wa 1971, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Rosa anaandikiwa barua na mvulana, baba yake Zakaria anaigundua, anampiga. Binti aliyelelewa kwa woga anafika mjini akiwa hajui kuzungumza na mwanamume, na kilichobaki mnakijua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye wanafunzi wakaja kukisoma darasani. Sheria nayo ilimruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na miaka 15, baba akikubali. Akina Zakaria walibaki na ufunguo mkononi. Ilichukua hadi Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwa Mahakama Kuu kusema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo anayesema riwaya ni porojo aangalie vizuri tarehe hizo.

Sasa Bi Hawa. Kifungu cha 114 cha sheria ile ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma mke na mume "kwa juhudi za pamoja". Maneno manne tu, lakini yalizua ugomvi wa miaka kumi na zaidi. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema mke aliyepika, aliyefua na kulea watoto alikuwa akitimiza wajibu wake wa mke, na kazi hiyo hainunui tofali. Wengine walisema mume asingepata tofali hilo kama asingekuwa na mtu wa kumtunzia nyumba. Mwanamke akiachwa alikuwa hajui atamkuta jaji wa mawazo gani.

Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu likafika Mahakama ya Rufani, na hukumu ikaandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Alisema wazi: juhudi za pamoja ni pamoja na kazi za nyumbani. Ustawi wa familia ni sehemu ya uchumi wa familia, na anayeutunza ustawi huo amechangia katika mali. Hukumu hiyo imetajwa mahakamani mara nyingi tangu wakati huo hata jina la Bi Hawa limekuwa kama jina la kifungu cha sheria.

Hivi ndivyo nilivyowasimulia miaka michache iliyopita. Nikaweka muziki, nikaaga.

Mama wa Igawa alikuwa akisikiliza. Wakati huo alikuwa na mume, nyumba ya bati na majaruba ya mpunga, na ndoa ilikuwa imeoza. Aliniambia maneno yale ndiyo yaliyompa miguu. Alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, kisha mahakama ya mwanzo ya huko walikokuwa wakikaa, akasimama mbele ya hakimu na wazee wa baraza akasema: nimepika, nimepalilia, nimezaa, nataka fungu langu kama Bi Hawa.

"Mume wangu akasimama," akasema mama, akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Akasema, huyu nilimpa mtaji wa biashara ya mgahawa. Hela aliimaliza. Akauliza, na Bi Hawa wenu huyo alipata nini? Mimi nikacheka, kaka. Nilicheka mbele za watu, maana nilikuwa nalijua jibu."

Hakulijua. Mumewe alikuwa na ndugu aliyesoma, na huyo alikuwa amesoma hukumu yote. Bi Hawa hakupata kitu. Mahakama ya Rufani ilisema kazi yake ya nyumbani inahesabika. Ilisema hata makosa yake katika ndoa hayakuwa makubwa kiasi cha kuifuta kazi hiyo. Kisha ikasema mumewe alikuwa amempa fedha kwa ajili ya mradi wa familia naye akazitapanya, hivyo fungu lake alikuwa amekwisha kulila. Rufani ikatupwa. Mwanamke aliyewafungulia wenzake mlango alibaki nje ya mlango huo.

Nilikuwa najua. Hapa ndipo penye deni langu. Wakati ule nilikuwa na karatasi za hukumu mezani, kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa hukumu zetu zote za juu kwa miaka mingi. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa kuifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Nilisoma mpaka mwisho, nikaona kwamba mwisho unaharibu hadithi. Dakika zangu zilikuwa chache, na nilitaka msikilizaji aende kulala akiwa na furaha. Nikafanya kama wafanyavyo waandishi wa riwaya za mapenzi, nikamaliza kwenye harusi. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa hiyo. Msomaji wa Mabepari wa Venisi hatakwenda mahakama ya mwanzo kesho kudai ratili ya nyama. Lakini mimi nilisimulia kesi ya kweli kwa watu wenye kesi za kweli.

Mama hakutoka mikono mitupu. Alipewa jaruba moja na vyombo vya ndani, na mtaji ule ukahesabiwa kuwa sehemu ya fungu lake. Nikamuuliza kama fedha aliimaliza kweli. Akaniambia mtoto aliugua, akalazwa wiki tatu, mgahawa ukafa.

"Hayo uliyasema mahakamani?"

"Niliyasema baadaye. Nilikuwa nimekwisha kucheka."

Kama angeijua nusu ya pili angekwenda na karatasi za hospitali mkononi. Angemwambia hakimu tangu mwanzo kwamba fedha zile hazikutapanywa, zilimtibu mtoto wa mume yule yule anayedai. Pengine hukumu ingekuwa nyingine, pengine isingekuwa. Ninachojua ni kwamba aliingia mle na nusu ya kisa, nami ndiye niliyemgawia nusu hiyo.

Mwanasheria mmoja ninayemheshimu amenieleza kwamba katika hukumu kuna jambo linalobaki kuwa sheria na kuna jambo linalowahusu wale wawili tu waliokuwa mbele ya jaji, na kwamba lile la kazi ya nyumbani ndilo lililodumu. Ni kweli, na wanawake wengi wamefaidika nalo. Nilipomweleza mama maneno hayo kabla basi halijaondoka alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua bei ya mchele.

"Basi waambie yote mawili," akasema. "Waambie na la mtaji. Waambie watunze risiti."

Tairi lilikuwa limefungwa, dereva anapiga honi. Nikatoa hela ya wali. Akahesabu chenji, akanirudishia mpaka shilingi mia ya mwisho, akasema "Kamwene" kwa mteja aliyekuwa akiingia, na mimi nikapanda basi.