Guangzhou ina herufi tisa

Kariakoo ina herufi nane. Zanzibar nane. Guangzhou ina tisa, na hiyo moja iliyozidi iliwahi kunipotezea siku nzima.

Nilikuwa nimerudi kutoka Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia na kufunga mizigo. Wakala alikuwa ameniwekea kwenye flashi orodha mbili: "Guangzhou mzigo wa Machi" na "Guangzhou mzigo wa Aprili". Dukani, programu yetu ya stoo, ya tangu enzi za DOS, ikaonyesha GUANGZ~1 na GUANGZ~2. Nikafungua ya kwanza nikijua ni Machi. Kumbe wakala alitangulia kunakili ya Aprili. Tulihesabu maboksi hadi jioni, hakuna kilicholingana.

Chanzo cha hayo ni FAT, mpangilio wa diski alioubuni Marc McDonald wa Microsoft mwaka 1977. DOS, mfumo wa kompyuta uliotumia FAT, ilipoingia sokoni mwaka 1981, kila faili lilipewa mstari wa baiti 32 ndani ya folda: herufi nane za jina, tatu za aina, tarehe, ukubwa, na namba ya chumba cha kwanza cha diski ambamo yaliyomo yanaanzia. Utambulisho wake ndio huo, jina na mahali lilipo. Kwa Wachina ulikuwa ufinyu wa namna nyingine, maana alama moja ya maandishi yao hula baiti mbili, na jina zima likaishia alama nne. Jina la mji, 广州, ni alama mbili tu, likaenea vizuri. Likiandikwa kwa herufi zetu, linakatwa mkia. Windows 95 ilileta majina marefu, lakini iliyaficha kwenye mistari ya ziada, herufi 13 kila mstari, na jina fupi likabaki palepale. Namba ya mwisho hufuata faili lipi limeandikwa kwanza, basi.

Miaka minane kabla ya FAT, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza mfumo wa Unix kwa wazo ambalo mimi nalihusudu hadi leo. Kwao, faili ni namba, yaani inodi. Jina ni kibandiko kinachokaa kwenye folda kando ya namba hiyo. Badilisha jina, namba haitikisiki. Faili moja laweza kuwa na majina mawili, kama jirani anayeitwa Baba Asha mtaani na Juma kwenye kitambulisho, na mtu ni yuleyule. NTFS, mpangilio mwingine wa Microsoft, mwaka 1993 nayo ilitoa namba, ikaongeza hesabu ya mara ambazo namba hiyo imetumika, ili faili jipya lisidhaniwe kuwa lile lililofutwa.

Sasa chomeka flashi ya FAT kwenye kompyuta ya Linux, mfumo unaofuata wazo la Unix. Mfumo unadai inodi, flashi haina. Kutumia namba ya chumba cha kwanza haiwezekani, kwa sababu mafaili matupu hayana chumba, yote yangekuwa sifuri. Kwa hiyo Linux hutunga namba zake yenyewe, huzitumia flashi ikiwa imechomekwa, na ukiichomoa zinasahaulika. Kesho faili lilelile laweza kupewa namba nyingine.

Hata hivyo FAT ndiyo iliyosambaa. Flashi zilizotoka Guangdong, mkoa ambao Guangzhou ni makao yake makuu na ambako kampuni ya Netac ya Shenzhen ilipata hataza ya Marekani ya flashi mwaka 2004, zilihitaji kusomwa na redio ya gari, kamera, simu na kompyuta chakavu. Mpangilio wenye mistari ya baiti 32 unasomeka hata na kifaa chenye akili ndogo, na ulikuwa tayari kila mahali.

Siku hizi namwomba wakala aanze na tarehe. Orodha ya tarehe 12 Machi 2024 inaitwa 240312GZ. Nimehesabu tarakimu na herufi: nane kamili.