Ana kifua, au kinambana?

Mama wa Kikongo anayeishi Shively, pale Louisville, akimpeleka mwanawe kliniki husema, "Ana kifua," akimaanisha pumu. Mkalimani akilichukua neno kwa neno, daktari ataduwaa: nani hana kifua? Afadhali "kifua kinambana", maana kitenzi hicho kinagusa hasa yanayotokea.

Kwenye utando wa njia za hewa kuna neva za hisi zenye vipokezi vinavyotambua moshi na kemikali kali. (Shively iko jirani na Rubbertown, eneo la viwanda lililoshamiri kwa mpira wa kutengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo mfano hauko mbali.) Habari hupanda hadi shina la ubongo, amri hurudi kwa neva ya vagasi, inayomwaga asetilikolini kwenye misuli inayozunguka vijia vya hewa. Misuli hujikaza. Ya mwenye pumu hujikaza kupita kiasi, hata kwa uchokozi mdogo.

Akivuta salbutamoli, tunasema "kimeachia". Sawa kabisa: dawa hiyo hugusa vipokezi vya beta-2, misuli ikalegea. Ipratropiamu, dawa nyingine ya pumu, haistahili kitenzi hicho. Yenyewe huziba vipokezi vya asetilikolini, yaani humzuia mbanaji.

Halafu kuna ile sauti. Wengine husema mtoto "anakoroma". Hapana, kukoroma ni kwa koo na pua, usingizini. Kifua cha pumu hupiga miluzi, hasa pumzi inapotoka.