Cleveland: Maabara Iliyotoka Kwenye Pistoni Ikafika Mwezini

Januari 23, 1941, kando ya uwanja wa ndege wa Cleveland, jimbo la Ohio, kazi ya kujenga maabara ya injini za ndege ilizinduliwa. Mwenye mradi alikuwa NACA, kamati ya serikali ya Marekani iliyosimamia utafiti wa urukaji tangu 1915. Vita vilipomalizika, jeti zilikuwa zimekwisha kuzipiku pistoni. Wataalamu wakapangwa upya, na 1948 maabara ikapewa jina la George Lewis, aliyeongoza utafiti wa NACA kwa miaka mingi.

Kwa jeti hizo, swali gumu lilikuwa mdomo wa injini. Chombo kikiipita sauti kwa kasi, hewa iliyo mbele haipati taarifa kwamba kinakuja. Hugongwa ghafla na kuzaa wimbi la mshtuko. Wimbi hilo likisimama wima mdomoni, sehemu kubwa ya mgandamizo wa hewa hupotea kabla haijafika ndani, na injini hupungukiwa nguvu. Dawa yake ni koni yenye ncha iliyochomoza mdomoni: huzaa mawimbi ya mshazari, yanayoipunguza hewa kasi kwa hatua. Umbo na mkao wa koni hiyo vilihitaji kupimwa mno. Handaki la upepo la futi 8 kwa 6, lililoanza kazi 1949, liliendeshwa na mota za nguvu za farasi 87,000. Kwa ulaji huo wa umeme, majaribio yalifanyika usiku, na ngurumo ikawanyima majirani usingizi hadi kikajengwa kizuia sauti kikubwa mno.

Roketi zilianza kwa kujificha. Wakuu wa NACA waliziona ni mambo ya silaha, kwa hiyo kikundi kidogo kilichozishughulikia kiliitwa kitengo cha mwako wa mgandamizo mkubwa. Mimi nakihesabu kuwa ndicho moyo wa historia hii. Katika vyumba vidogo vya majaribio walichoma florini, haidrazini, na hatimaye haidrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri. Kabla ya kuungua, haidrojeni hiyo baridi ilipitishwa kuzunguka kuta za injini ili zisiyeyuke.

Abe Silverstein, mmoja wa wakuu wa maabara hiyo, aliiamini haidrojeni kuliko wengi. Februari 1957, injini moja ya ndege ya B-57 iliitumia angani juu ya Ziwa Erie. NACA ilipogeuka NASA mwaka uliofuata, alihamia Washington, na Desemba 1959 kamati yake ikapendekeza haidrojeni kwa hatua za juu za roketi za Saturn. Akarudi Cleveland kuwa mkurugenzi 1961.

Mei 1962 roketi ya Centaur, ya kwanza kutegemea haidrojeni, ililipuka katika safari yake ya kwanza. Wengi walitaka ifutwe, lakini ikakabidhiwa maabara ya Cleveland. Novemba 27, 1963 ilifika kwenye mzingo wa dunia, na 1966 ikakipeleka Surveyor 1, chombo cha kwanza cha Marekani kutua Mwezini salama.