Ulingo Uliochelewa: Mapigano kama Desturi na kama Kazi Unguja

Katika kisiwa cha Unguja mapigano ya kuonesha ujasiri mbele ya watu ni desturi ya kale, lakini mapigano kama kazi ya kumpatia mtu riziki ni jambo jipya kabisa, na pengo lililopo baina ya mambo hayo mawili linaeleza kwa nini mpiganaji wa kulipwa kutoka Mji Mkongwe alikuwa adimu kwa takriban miaka sitini. Mpiganaji wa kulipwa ni yule anayeingia ulingoni kwa mkataba, akiwa na leseni ya chombo kinachosimamia mchezo wake na ujira uliokubaliwa na promota, yaani mtu anayeandaa pambano na kuuza tiketi. Anatofautiana na mpiganaji wa ridhaa, ambaye hushindania medali na heshima ya klabu au nchi yake.

Forodhani ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ukingo huo wa bahari, ulio mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, umekuwa uwanja wa biashara na wa tamasha tangu zamani. Hapo ndipo bidhaa zilizoingia na kutoka zilipotozwa ushuru kabla ya eneo hilo kugeuzwa bustani katika miaka ya 1930, bustani ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Nje ya kuta za Ngome, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, inasimuliwa kwamba watu walikusanyika katika karne ya 19 kutazama mchezo wa ng'ombe, ambao kisiwani Pemba bado unachezwa. Umati, basi, ulikuwepo, na hamu ya kutazama hatari kwa karibu ilikuwepo pia.

Desturi yenye uzito zaidi iko kusini mwa kisiwa, Makunduchi, ambako kila mwezi Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jua inayonasibishwa na Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini hukabiliana kwa mabua ya migomba, wakipigana kwa nguvu ya kweli, huku wanawake waliovaa nguo zao bora wakiimba nyimbo za kejeli na za kusifu. Baadaye huchomwa kibanda cha makuti ambacho mtu mmoja hujitosa ndani yake na kutoka salama, kisha watu huungana kwa chakula. Mapigano hayo hayana mwamuzi wala mshindi anayetangazwa, kwani shabaha yake ni kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita ili mwaka mpya uanze bila deni la moyo. Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari katika harusi na sherehe za pwani, una ufundi wa hali ya juu zaidi: wachezaji wawili huzungukana wakipimana, mmoja akirusha fimbo na mwenzake akiikinga kwa yake, na anayesifiwa ni yule mwenye jicho jepesi na mkono mtulivu. Mtu anayesema kwamba Wazanzibari hawana asili ya michezo ya mapambano hajapata kutazama kirumbizi kikichezwa na watu wanaokijua.

Ndondi za kisasa zilipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, chini ya Rais wa kwanza Abeid Amani Karume. Kwa kuwa michezo si jambo la Muungano, marufuku hayo hayakuvuka bahari: Tanzania Bara iliendelea kukuza mabondia, ikampata Habibu Kinyogoli katika miaka ya 1970, kisha Rashid Matumla aliyejulikana kama Snake Boy, Francis Cheka wa Morogoro, na Hassan Mwakinyo wa Tanga, ambaye Septemba 2018 alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, Uingereza. Kijana wa Unguja aliyetaka njia hiyo alilazimika kupanda boti kwenda Dar es Salaam, na huko kuanza upya bila kambi ya nyumbani wala mashabiki wa mtaa wake. Gharama hiyo, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, iliua vipaji vingi kuliko ukosefu wa nguvu au nidhamu.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi, nao ni judo. Mchezo huu, ulioasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, hauruhusu ngumi wala mateke, bali humtaka mchezaji amshike mpinzani kwenye kola na mkono wa koti, amvunje mizani yake na kumwangusha chali kwa nguvu, jambo linaloitwa ippon na linalomaliza pambano papo hapo. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, aliufundisha kisiwani, na kwa miaka mingi vijana wa Zanzibar wamekiwakilisha kisiwa chao katika mashindano ya mchezo huo ya Afrika Mashariki. Inafaa kukumbuka kwamba judo ndiyo pia iliyozaa sehemu kubwa ya mapigano mchanganyiko, yaani mchezo unaounganisha ngumi, mateke, mieleka na ukabaji wa ardhini: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa shule ya Kano, aliipeleka Brazil mwaka 1914, akamfundisha Carlos Gracie, na tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, Royce Gracie aliwashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja na kuonesha kwamba mtu mwembamba anayejua kukaba anaweza kumshinda jitu la misuli. Sanaa ile ile iliyopelekwa Brazil ikawa kazi ya mamilioni ya dola, na iliyokuja Unguja ikabaki ya ridhaa.

Tofauti hiyo haitokani na vipaji. Francis Ngannou, aliyechimba mchanga kijijini Cameroon akiwa mtoto, alitwaa ubingwa wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa zaidi ya mapigano mchanganyiko, Machi 2021, lakini alipaswa kwanza kufika Paris na kupata kocha na ukumbi. Kazi ya mpiganaji hujengwa na watu wengi wanaomzunguka: daktari wa kumpima, mwamuzi anayejua kusimamisha pambano kabla ya madhara, mpima uzito, na promota anayelipa kwa wakati.

Chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi marufuku ya ndondi yaliondolewa, na Agosti 2023 mabondia wa kulipwa walipambana katika Uwanja wa Mao Zedong, mjini Unguja, Karim Mandonga akiwa miongoni mwa walioteka macho ya umati. Mchezaji wa judo wa Zanzibar anayetaka kuvuka kwenda mapigano mchanganyiko ana kazi mahususi mbele yake: kwa kuwa ulingoni hakuna koti la kushika, lazima ajifunze kushika shingo na kwapa, avumilie ngumi anapokaribia, na asigeuze mgongo anapoangushwa, kwa sababu huko mwamuzi hasimamishi pambano kwa kuanguka tu.