Kuugua na Kuuguza: Wake na Waume wa Molokai

Tufundishapo kauli ya kutendesha, aghalabu sisi walimu hutia ubaoni mifano iliyo myepesi: pungua na punguza, ungua na unguza, tembea na tembeza. Kuna jozi moja ambayo huachwa, nayo ni ugua na uguza. Kwa kanuni ya sarufi, kuuguza kungepaswa kuwa kumtia mtu ugonjwa, kama vile kuunguza kulivyo kukitia kitu moto. Lakini sivyo. Mwenye kuuguza hamtii mtu ugonjwa. Huingia naye ndani ya ugonjwa ule, akamlisha, akamnywesha, akamwosha, akamgeuza ubavu usiku, mpaka apone au afe. Lugha yetu imewafunga watu wawili hao katika kitenzi kimoja.

Jozi hiyo ilinirudia nilipokuwa nikisoma historia ya Visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki. Wenyeji wa huko, ukoma ulipoenea kati yao katika karne ya 19, waliupa jina la mai hookaawale, yaani ugonjwa utenganishao. Lugha yao nayo ina alama ya kutendesha, ila hiyo hoo- hutangulia mzizi badala ya kuufuata kama yetu. Basi ugonjwa ukaitwa kwa kitendo chake. Hata hivyo, tukitazama vizuri tutaona kwamba kitendo chenyewe hakikuwa cha ugonjwa. Ukoma humtenga mtu na vidole vyake, na macho yake, na hisi ya ngozi yake. Haumtengi na mkewe. Aliyemtenga na mkewe ni sheria.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Mfalme Kamehameha V tarehe 3 Januari 1865. Iliipa Bodi ya Afya uwezo wa kumkamata na kumtenga kila aliyeonekana kuwa na ukoma. Mahali palipochaguliwa ni rasi ya Kalaupapa, kaskazini mwa kisiwa cha Molokai: pande tatu bahari yenye mawimbi makali, na upande wa nne magenge yanayofikia futi 2,000 hivi. Tarehe 6 Januari 1866 wagonjwa wa kwanza 12, wanaume tisa na wanawake watatu, walishushwa huko. Hadi amri ya kutengwa ilipoondolewa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa, wengi wao wenyeji wa asili wa visiwa hivyo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Ugonjwa huu, ambao wazee wa pwani waliuita matana, nasi tuliujengea makambi yake. Hapa Uganda kuna Buluba, iliyoanzishwa mwaka 1934, na kuna Kumi. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kuna Alupe. Namtaja Molokai kwa sababu huko liliulizwa hadharani, mbele ya serikali, swali ambalo kwingine lilimalizwa kwa kunong'ona nyumbani: je, mzima ana haki ya kumfuata mgonjwa wake?

Hapo mwanzo jibu lilikuwa ndiyo, kwa masharti. Aliyepata kibali aliitwa kokua, neno ambalo kwa Kihawaii maana yake ni msaada, au msaidizi. Kokua aliweza kuwa mama, mwana, ndugu au rafiki, lakini wengi walikuwa wake na waume. Wala serikali haikuwakubali kwa huruma. Wakubwa walikuwa wametarajia kwamba wagonjwa watalima na kujilisha wenyewe, wasiigharimu hazina. Na mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hawezi kushika jembe kutwa nzima. Makazi ya kwanza, Kalawao, yalikuwa upande wa mashariki wa rasi, penye baridi na mvua, na maji ya kunywa yalipaswa kuchukuliwa kutoka mbali. Nani wa kuyachukua? Nani wa kupanda magimbi, kuyapika na kuyaponda? Mgonjwa wa ukoma akikaribia jiko huungua asijue, kwa kuwa mkono wake hausikii moto. Akikanyaga jiwe kali hutembea na jeraha kutwa. Lazima awepo mwenye kumtazamia mwili wake, kama mama amtazamiavyo mtoto mchanga. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, na kwa muda mrefu posho ya chakula ilihesabiwa kwa wagonjwa, wala si kwa wauguzaji wao.

Katika hao aliyejulikana sana ni Jonathan Napela. Alizaliwa mwaka 1813 katika kisiwa cha Maui, akasoma katika chuo cha Lahainaluna, akawa hakimu huko Wailuku. Alikuwa mtu wa kalamu: alishiriki katika kukitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii, tafsiri iliyotolewa mwaka 1855. Mkewe, Kitty Richardson, alikuwa wa ukoo wa machifu. Mwaka 1873, serikali ilipokaza utekelezaji wa sheria, Kitty aligunduliwa kuwa na ukoma, naye hakusazwa kwa ajili ya ukoo wake. Napela, aliyekuwa mzima, akafuatana naye.

Bodi ilimfanya kuwa msimamizi wa makazi, kwani watu wenye elimu ya kiasi chake walikuwa wachache rasini. Hakudumu katika cheo hicho. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameondolewa, na kwa kuwa sasa hakuwa mgonjwa wala mtumishi, kulikuwa na hatari ya kufukuzwa pia kisiwani. Ndipo alipoiandikia Bodi, mwezi Oktoba 1873. Barua hiyo si ndefu. Anaitaja siku ya ndoa yake, tarehe 3 Agosti 1843. Anakumbusha kiapo alichokula siku hiyo cha kumtunza mkewe katika afya na katika maradhi mpaka kifo kiwatenge. Anasema kwamba umri wake umefika kama miaka 60, na siku zilizosalia angependa kuzimaliza pamoja naye.

Mimi huona kwamba hakimu yule aliijua kazi yake. Hakulia wala hakubembeleza. Aliiwekea serikali sheria moja mbele ya nyingine: ninyi mna sheria ya mwaka 1865, nami nina ahadi ya miaka 22 kabla yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zaidi kwa sababu sheria za ufalme zenyewe zilikuwa zimeuhesabu ukoma kuwa sababu halali ya talaka. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na yeye aliomba afungiwe ndani.

Aliruhusiwa kubaki. Aliishi rasini miaka sita, akiwasaidia wagonjwa wengine pia, bega kwa bega na Padre Damien, Mbelgiji aliyefika mwaka huo huo wa 1873, ingawa madhehebu yao yalikuwa mbalimbali. Mwishowe naye aliambukizwa. Alifariki mwezi Agosti 1879, na Kitty, ambaye kwa ajili yake alikwenda huko, alimfuata muda mfupi baadaye. Damien ana sanamu na vitabu katika lugha nyingi. Napela ni wachache wanaomjua.

Mwaka 1873, kwa bahati, ndio mwaka ambao daktari Armauer Hansen wa Norwe aliviona vijidudu vya ukoma kwa hadubini. Sasa twajua kwamba watu walio wengi miili yao huushinda ugonjwa huu bila dawa yoyote, na kwamba kuambukizwa hutaka ukaribu wa muda mrefu. Wakati ule hayo hayakujulikana. Aliyekwenda Molokai akiwa mzima alikwenda akiamini kwamba huenda anakwenda kuugua.

Isije ikadhaniwa kwamba nawapamba. Wako waliokwenda kama kokua kwa kukimbia madeni au kwa kufuata chakula, na wakubwa wa Bodi walilalamika mara nyingi juu ya watu wazima wakaao bure. Wako pia wake na waume waliobaki nyumbani, na sioni kwamba tuna ruhusa ya kuwahukumu. Watoto wazima hawakutakiwa rasini. Mtu aliyekuwa na watoto wanne na mume mgonjwa alipaswa kuchagua ni nani atakayeachwa. Hilo si jambo la kupimwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Kadiri miaka ilivyopita kibali kilizidi kuwa kigumu, na hapo ndipo inapoanza habari ya Piilani. Yeye na mumewe, Koolau, walikuwa watu wa Kekaha, kisiwani Kauai. Walioana mwaka 1881, wakapata mwana mmoja, Kaleimanu. Koolau alikuwa mchunga ng'ombe na mlenga shabaha hodari. Dalili za ukoma zilipomtokea, kwa maelezo ya Piilani mwenyewe, hakukataa kwenda Molokai. Alitaka tu mkewe aende pamoja naye. Alijibiwa kwamba haiwezekani. Basi mwaka 1892 walihamia bonde la Kalalau, ambako wagonjwa wengine walikuwa wakijificha. Na mtoto naye alikwisha kushikwa na ugonjwa.

Mwezi Januari 1893 ufalme wa Hawaii ulipinduliwa. Serikali mpya ilitaka kuonyesha nguvu zake. Naibu mkuu wa polisi, Louis Stolz, aliingia bondeni kumkamata Koolau, akapigwa risasi tarehe 27 Juni akafa. Mwezi uliofuata walipelekwa askari na mzinga. Wagonjwa wengine walikamatwa. Askari watatu walipoteza maisha, mmoja kwa bunduki yake mwenyewe. Kisha kikosi kikaondoka pasipo kumpata aliyetafutwa. Serikali iliyokuwa imeupindua ufalme haikuweza kumtoa mume kwa mkewe.

Habari nyingi za Koolau huishia hapo, penye mizinga, kana kwamba yaliyofuata hayakuwa na maana. Kwangu mimi yaliyofuata ndiyo historia. Watu watatu, wawili wagonjwa na mmoja mzima, waliishi katika bonde lile zaidi ya miaka mitatu, wakihama kutoka maficho hadi maficho, wakila magimbi na samaki wa vijitoni. Kaleimanu alikufa kwanza. Ugonjwa wa Koolau ulizidi, naye akafa yapata mwaka 1896. Piilani alimchimbia kaburi peke yake, akamzika pamoja na bunduki yake kama alivyoagiza. Kisha akapanda magenge, akarudi Kekaha kwa watu wake. Hakushtakiwa. Wala hakuugua.

Mwaka 1906 alimsimulia habari hizi mwandishi John Sheldon, naye akazitoa kwa Kihawaii. Miaka mitatu baadaye Jack London, Mmarekani aliyekuwa maarufu ulimwenguni, alitoa hadithi juu ya Koolau. Ina mapambano, ina bunduki, ina fahari ya mtu asiyekubali kushindwa. Na mwishoni Koolau anakufa peke yake msituni. Mke hayumo. Miaka mitatu ya kupika, kuosha vidonda na kubeba mgonjwa usiku imefutwa ili shujaa apate kuwa mpweke. Kitabu cha London kilienea dunia nzima, na masimulizi ya Piilani yalikaa katika lugha yake mpaka tafsiri ya Kiingereza ilipochapishwa mwaka 1987. Sisi tunaoandika kwa lugha zetu wenyewe hatuna budi kuifahamu hali hiyo. Piilani mwenyewe alifariki mwaka 1914.

Dawa za salfoni zilifika Kalaupapa mwaka 1946, na tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limependekeza dawa za mchanganyiko ziponyazo kabisa. Mgonjwa wa leo hutibiwa nyumbani kwake, na mtu anayemwuguza hahitaji kibali cha serikali.

Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu mnara wa kumbukumbu ujengwe Kalaupapa. Maneno ya sheria hiyo yanasema kwamba mnara ni kwa heshima ya watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda rasini kati ya mwaka 1866 na 1969. Kitty Napela alihamishwa kwa nguvu. Mumewe aliandika barua kuomba abaki.