Chakula na Jasho katika Nchi ya Buha

Mwili wa kijana ni mizani. Katika kitanga kimoja hukaa chakula alacho, na katika cha pili kazi aifanyayo. Kitanga cha kwanza kikielemea siku nyingi, unene hupita kiasi. Kikielemea cha pili, kijana hudhoofu. Tabibu huisoma mizani hiyo kwa hesabu. Mwanahistoria hana budi kuuliza ni mkono wa nani ulioielemeza.

Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, zina jibu lake. Vijana wa Waha walikula ugali wa mtama au wa muhogo, maharage na ndizi, wakakitumia chakula hicho katika kulima, kuchunga na kupanda vilima. Utawala wa Waingereza ukaifanya Buha ghala ya nguvu za watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na mazao ya kuuza yalikuwa haba. Basi vijana wakapanda reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakawa manamba katika mashamba ya mkonge. Huko posho ilipimwa, na siku 30 za kazi zikajaza kipande kimoja. Aliyewalisha aliuangalia mkonge, si afya yao. Nyumbani jembe liliwabakia wanawake.

Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwakusanya watu vijijini: shule ikakaribia, shamba la mwingine likawa mbali. Baadaye wakaja wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Kadiri ya chakula cha mtu kwa siku ni kilokalori 2,100, lakini mwaka 2017 fedha zilipopungua posho ilishushwa hadi asilimia 62. Kijana wa kambini hakuulizwa.

Mwaka 2022 watoto na vijana wapatao milioni 160 duniani, wenye umri wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na unene uliokithiri. Soda, vyakula vya kukaangwa na pikipiki vimefika Buha pia. Lakini atakayewahubiria vijana wa huko kuhusu uvivu na ulafi, au kuisifu njaa ya wazee wao kuwa ndiyo siha, atakuwa hakuisoma historia. Kitanga cha chakula na kitanga cha jasho vyote viwili vilipangwa na wengine: mtoza kodi, mwenye shamba, mgawa posho, na sasa mfanyabiashara. Haki ya kwanza ya kijana ni kuishika mizani yake mwenyewe.